Fundi wa Hori

9 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumai u mzima na goti limepungua uvimbe. Mimi huku sijambo. Saluni inakwenda, tangu mwaka uanze wateja wanataka kusukwa kichwa kizima, nasimama mpaka visigino vinawaka moto. Mwenye nyumba amepaka rangi ukuta wa mbele tu, na sasa anatembea kifua mbele kana kwamba kajenga mtaa mzima.

Nakuandikia barua kwa sababu kukupigia simu ni kupigia ukuta. Mara ya mwisho niliuliza "nguruwe hawajambo?" ukanijibu kwamba huna mpango wa kuolewa tena.

Neno langu ni hili. Mwanao aliaga anakuja kwako kukujengea hori la nguruwe, akasema wiki mbili. Huu ni mwezi wa pili. Simu yake aliiacha mezani, imejaa chaji, kama mtu anayetoka kununua chumvi. Sasa nauliza kwa adabu: hori gani hilo, Mama, la nguruwe au la tembo? Watu wanamuulizia. Nikisema yuko kwa mama yake hawaulizi tena, wanatazamana.

Mwambie nyumba yake iko palepale alipoiacha.

Mkweo


2 Machi

Mkwe,

Marahaba. Goti halijapungua, limemwita mwenzake, sasa yanauma yote mawili. Nguruwe jike mkubwa kazaa, akalalia watoto wawili. Nimewakuta bapa kama soli za ndala. Jirani yangu muuza mayai kafiwa na mume. Tangu siku hiyo kanawiri, ngozi inateleza.

Taratibu yuko hapa. Nakiri jina hilo mlilompa huko mjini linamfaa, maana kazi ya siku mbili anaifanya wiki. Lile hori la zamani la gogo lilikuwa limeoza, nguruwe wanakula chakula pamoja na mbao. Nimemwambia nataka la zege, refu, nguruwe wote wapange vichwa bila kung'atana masikio. Amesuka nondo, amepanga mbao za pembeni, anakoroga zege kidogo kidogo kwa sababu ya kifua chake. Karai moja, anakaa. Karai jingine, anakaa.

Na kwa kuwa nimetaja karai: hapa kwangu mwanangu anakula kwenye sahani.

Nadhani umenielewa. Kama hujanielewa, waulize wateja wako waliokuwepo siku ile, walioona raha mpaka machozi yakawatoka. Hakunisimulia mara moja. Nilimvuta neno moja moja, kama mtu anayetoa mwiba.

Harudi. Salimia mwenye nyumba na rangi yake.

Mama yake


20 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole kwa magoti, na pole kwa watoto wa nguruwe.

Sikutegemea angekuambia. Taratibu hata jino likimuuma husema limemgusa tu. Lakini kama ameanza kusimulia, angesimulia yote. Angekuambia kwamba mwaka mzima alikaa kwenye kiti cha wateja akikohoa, mpaka wateja wenyewe wakahamia saluni ya ng'ambo ya barabara. Kwamba mchana nilisuka na jioni nikafua vitambaa anavyotemea. Mwanamume asiye na kazi ni hori, Mama, na wewe mfuga nguruwe unajua: unajaza, unajaza, ukirudi asubuhi liko tupu, na lenyewe wala halikusalimii.

Siku ile sahani zilikuwa chafu na karai lake lilikuwa safi. Nikamwekea humo. Nikasema, "Fundi, leo kula kwenye chombo chako cha kazi, kwa vile kazi yenyewe haipo." Wanawake waliokuwa chini ya madrayer, wakikausha nywele, wakacheka. Mimi sikuwaambia wacheke. Na alikula! Alikula akamaliza, akaliosha, akaligeuza likauke. Mtu aliyeudhika hali.

Nimempa kondakta wa basi mfuko. Ndani kuna dawa zake za kifua, zile alizoziacha. Azianze tena, daktari alisema akizikatisha ugonjwa utarudi na ukoo wake wote. Na shati la bluu, kola nimeigeuza.

Mwambie aniandikie mwenyewe. Mstari mmoja unatosha.

Mkweo


17 Aprili

Mkwe,

Nimepokea mfuko. Umefungwa vizuri, kufunga unajua. Shati nimempa. Dawa nimeziweka juu ya kabati, na barua yako nimeisoma kwa niaba yake. Mwanangu hana ugonjwa, ana mke. Akipumua hewa isiyo na nywele zinazoungua, kifua kitanyooka chenyewe.

Hapa habari ni hori. Alimwaga zege, tukasubiri likauke, juzi kaondoa mbao. Ufa! Kutoka ncha hii hadi ile, ungeingiza kidole. Walikuwepo watu wawili wamekuja kununua watoto wa nguruwe. Nikawaita. "Njooni mwone fundi niliyemsomesha."

Akasema, "Mama, saruji ilikuwa imelala sana kwenye gunia."

"Saruji imelala, au wewe?"

Mmoja wao alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Mwanangu akachukua nyundo, akaanza kulivunja. Alilivunja kutwa, anapiga, anakohoa, anapiga. Nilimletea maji nikamwambia avunje mpaka chini, nisije nikaona kiraka. Usije ukadhani namtesa. Simdekezi, na haki hiyo ninayo kwa kuwa nilimzaa. Wewe ulimkuta kwenye jengo, ananing'inia kwenye jukwaa la mafundi, ukampenda kwa sababu ya mabega.

Ameanza upya. Kuandika, anasema mikono ina malengelenge.

Mama yake


28 Mei

Mkwe,

Nakusalimu. Nguruwe wamepona mafua. Muuza mayai anachumbiwa.

Najua yuko kwako. Aliondoka Jumatatu ya kwanza ya mwezi huu. Nimekaa kimya nikijua atatuma neno, hakutuma, na wewe pia umekauka kama mnashirikiana. Mwambie hivi. Hori limesimama, na safari hii ni zuri. Sikusema nilipokuwa naye, nasema sasa: pembe zake zimenyooka na ndani amelipiga niru ya saruji likawa laini, ulimi wa nguruwe hauachi kitu. Lakini hakutoboa tundu la kutolea maji. Nikiliosha, maji yanalala humohumo, yanachachuka, inzi wanaona ni mji wao. Nayachota kwa kopo, mimi na magoti haya, nimeinama kama mtoto anayecheza dimbwini.

Asubuhi ile tulisemezana kidogo. Nilimwambia neno. Alifunga mwiko na pimamaji yake ndani ya gunia, akasema, "Naenda kwa mke wangu." Chai aliiacha.

Aje atoboe tundu, kisha arudi huko huko, simzuii. Mtu haachi kazi katikati. Na wewe usimfiche nyuma ya gauni.

Mama yake


15 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta nimeshika kichwa cha mteja. Nimeisoma mara mbili ili nisije nikaijibu kwa hasira.

Ndiyo, yuko hapa. Alifika na gunia lake, nikamfungulia. Sasa hivi amelala chumba cha ndani, ndiyo maana sijampa kalamu. Anakula kwenye sahani, tena ile yenye maua, ya wageni. Shavu limejaa. Jioni anakaa mlangoni na majirani wanamsalimu. Hakohoi hata kidogo.

Nilipomsomea habari za tundu, aligeukia ukutani akasema, "Mwambie anunue kopo kubwa zaidi."

Amesema usimwandikie. Amechoka kusimangwa mbele za watu. Kama una shida ya hori, mafundi wako wengi, na wewe unajua kuwasomesha.

Mkweo


30 Julai

Mkwe mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila usingizi umepungua. Huku baridi imeingia mpaka mifupani. Nguruwe wanalala wamebebana.

Nilikaa na barua yako nikasema siijibu. Kopo kubwa nilinunua kweli. Halafu nikaona, ninabishana na nani? Yeye ni mwanangu wa pekee, na wewe ndiye uliye naye. Kama anakula na shavu limejaa, basi, nashukuru. Nasema nashukuru. Usilirudie mbele za watu kwamba nilisema.

Nakuletea koti lake. Aliondoka ameliacha kwenye msumari. Ni lile zito la mifuko mikubwa, alilolinunua mwenyewe kwa kazi yake ya kwanza. Hata joto likiwepo hulibeba begani. Nimelifua, vifungo nimevikaza. Mvalishe asubuhi kabla hajatoka nje, kifua chake kinataka kufunikwa. Tangu mtoto kilikuwa hivyo, mimi ndiye nilisema ni uvivu.

Tundu aliache. Kijana wa muuza mayai kasema atatoboa kwa nyundo na tindo. Nimekataa. Mtu mwingine asiliguse.

Aandike mstari mmoja tu. Hata akinitukana, niuone mwandiko.

Mama yako


22 Agosti

Mama,

Shikamoo.

Nimepokea koti. Nimelikunjua kitandani nikakaa nalo.

Mama, hayupo hapa. Hakufika. Hakuwahi kufika hata siku moja. Yote niliyokuandikia mwezi wa Juni niliyatunga, na sahani ya maua, na ukutani, na kopo.

Nilipopata barua yako ya Mei nilijua unanichezea. Nikasema, huyu anaye ndani, amemkalia, sasa anataka nipige magoti nimlilie kwamba hakuja, ili amsomee na wacheke wawili. Nikasema sitalia. Nitamwambia ninaye, aone uchungu wake. Nilidhani ukisoma utamtazama yeye aliyeketi mbele yako na kujua kwamba mtego wako nimeuona. Lakini mama hamtumii mwanawe koti akiwa naye. Nilipoona vifungo vimekazwa ndipo nikajua.

Nimefunga saluni. Juzi na jana nilishinda stendi. Makondakta wengi hawakumbuki sura, wanakumbuka mizigo. Mmoja alikumbuka gunia lenye chuma kilichomchoma mguuni. Anasema mwanzoni mwa Mei alimpakia mwanamume kutoka huko kwenu, anakohoa kiasi kwamba abiria walifungua madirisha yote, na alipotema damu wakapiga kelele ashushwe. Wakamshusha njia panda, katikati ya safari. Hajui zaidi. Alisema, "Dada, basi lilikuwa limejaa, ningefanyaje?" Akaniuliza kama ninamdai nauli iliyobaki.

Nikishapata nauli naenda huko njia panda. Nieleze neno ulilomwambia siku ile, maana sijui alikuwa anakuja kwangu kwa moyo gani.

Mkweo


19 Septemba

Mama,

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume. Kaa chini kabla ya kusoma.

Njia panda kuna vioski vichache na hospitali ndogo ya bati la kijani. Wauza maji walimkokota mpaka hapa siku ileile. Nimeonyeshwa kitanda, kinalaliwa na mtu mwingine, mzee anayeimba. Muuguzi mkuu, mwanamke mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, alimkumbuka kabla sijamaliza kumweleza.

"Yule fundi," akasema. "Wewe ni nani yake?"

"Mke."

Akanitazama toka kichwani hadi viatuni. "Tulikungoja sana. Ulikuwa wapi?"

Nilimuuliza walifanya nini kututafuta. Alisema walimwomba namba ya simu ya ndugu. Hakuna namba aliyoijua kichwani ila ya kwake mwenyewe. Akawaambia, "Pigeni hiyo, iko mezani, mke wangu atapokea." Walipiga siku nyingi, Mama. Simu hiyo ipo kweli mezani kwangu. Mwezi wa Machi, baada ya barua yako ya kwanza, niliacha kuichaji. Nilisema atakayeitaka aje aichaji.

Walimpa dawa zile zile zilizo juu ya kabati lako. Mwezi wa Juni alipata nafuu, akawa anatembea uani. Kuna hori refu la zege ambamo wafuaji wanaloweka mashuka; lilikuwa linavuja miaka, maji yanatengeneza tope mlangoni. Aliomba saruji kidogo kwa mafundi wa jirani, akachukua mwiko wake akaliziba. Nimepitisha kiganja. Kiraka hakisikiki, huwezi kusema kinaanzia wapi.

Muuguzi alimwambia, "Sasa unaweza kurudi kwenu, tukutafutie lifti. Kwenu ni wapi, kwa mama au kwa mke?"

Alifikiri, akasema, "Ngojeni kwanza. Wanaandikiana barua. Mmoja atamuuliza mwenzake kama nimefika, watajua sipo, watakuja."

Alingoja hivyo. Muuguzi anasema kila gari likisimama getini aliinua kichwa. Halafu damu ikarudi usiku mmoja, siku za mwanzo za Julai, ikammaliza. Mimi nilikuandikia uongo wangu mwezi wa Juni, Mama. Ningeandika ukweli, ungestuka, ningestuka, tungemkuta anaziba hori.

Hakuna aliyejitokeza, manispaa ikamzika. Mchimba makaburi alinipeleka kwenye safu ya vichuguu vya udongo visivyo na alama. "Yule wa Julai ni huyu, au yule pale," akasema, "mvua imevisawazisha." Nilisimama katikati ya viwili hivyo.

Mwiko na pimamaji wamenikabidhi. Niambie nikuletee au nibaki navyo. Na hukunijibu juu ya lile neno.

Mkweo


11 Oktoba

Mkwe,

Barua yako imefika. Sina salamu.

Unataka neno. Asubuhi ile alikuwa ananionyesha hori, amefurahi, anapitisha mkono ndani kama anayempapasa mtoto. Nikaona hakuna tundu. Nikamwambia, "Mkeo alikujua mapema. Karai linakutosha." Akasema angetoboa siku ileile, alikuwa anangoja zege likaze. Nikamwambia anavyongoja ndivyo atakavyokufa, anangoja. Ndilo neno lenyewe. Lishike, na mimi nashika lako, tusipokonyane.

Vyombo vyake baki navyo.

Jana muuza mayai alikuja na mchumba wake. Wameliona hori, wanasema hawajaona kazi safi namna ile, wanataka awajengee mawili. Wakaniuliza, "Mwanao anarudi lini?" Nilifungua mdomo niseme, nikasikia nasema, "Yuko kwa mke wake, amenenepa, kazi zimemzidi." Wakasema mpe salamu. Nikasema zitafika. Na nilipofunga mlango, mkwe, nililala usingizi wa kwanza tangu uniandikie.

Nimewaza iwe hivyo hivyo. Huku yuko kwako. Huko kwenu, wakikuuliza wateja, sema yuko kwangu, anajenga mahori, mimi ni king'ang'anizi simwachii. Watakuamini, wananijua kwa maneno yako. Mimi na wewe tumeshazoea kusema hivyo, na kinywa hakitatupinga.

Usije huku, na mimi sitakuja huko. Usiniandikie tena.

Na pale njia panda, usithubutu kumlipa mtu aweke msalaba wala jiwe. Likiwekwa jina, mpita njia atasimama alisome, kisha atauliza ndugu zake walikuwa wapi.

Mama yake